Makumbusho ya Reli Nairobi: Mwache Simba, Kagua Nati

Wengi wanaoingia Makumbusho ya Reli Nairobi hukimbilia behewa namba 12, lile ambamo simba alimuua Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, pale stesheni ya Kima mwaka 1900. Haki yao. Ila anayetaka kujua treni ziliwezaje kupanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, mwaka baada ya mwaka bila kusambaratika, atoke nje uwanjani akachuchumae kando ya magurudumu. Ukumbini kuna picha, taa na vyombo vya stesheni, na nusu saa inavitosha. Kazi ya mafundi iko kwenye chuma.

Reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, kwenye maili ya 327 hivi kutoka Mombasa. Palichaguliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: ndipo ardhi tambarare ilipoishia kabla ya milima, na mto ulikuwa karibu. Makao makuu ya reli yakahama kutoka Mombasa, karakana nayo ikajengwa. Wahunzi, maseremala na mafita (mafundi wa kuunganisha mitambo) wa mwanzo wengi wao walitoka Punjab. Kwa ufupi, jiji lilikuja kuota kando ya gereji.

Anza na injini namba 5918, Mount Gelai, yenye jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Ni moja kati ya 34 za aina ya 59 (Class 59) zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Ina urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 252 hivi, na kwenye reli ya upana wa mita moja hakuna injini ya mvuke iliyoizidi nguvu. Muundo wake ni wa Garratt: boila imelala katikati kama mgonjwa kwenye machela, na wabebaji ni injini mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja ikiwa na silinda zake mbili. Kwa kuwa boila haina magurudumu chini yake, iliweza kunenepeshwa hadi kipenyo cha futi 7 na nusu.

Machela hiyo inapinda kwenye kona, na hapo ndipo fundi alipopatia kazi. Angalia maegemeo mawili yanayobeba boila, kisha fuata bomba la mvuke linapovuka egemeo. Kiungo chake kinazunguka. Pakini zake, yaani vizibo vya kuzuia uvujaji, zikilika, mvuke unavuja, injini inapoteza nguvu na wingu jeupe linamziba dereva macho. Faida ya muundo huu ni kwamba boila ikishanyanyuliwa kwa kreni, injini za mbele na nyuma zinasukumwa nje, na mafundi wa boila na wa magurudumu wanafanya kazi kwa wakati mmoja bila kugombania nafasi.

Adui mkubwa alikuwa maji. Maji yenye chokaa huacha ukoko ndani ya boila, kama ule wa sufuria ya wali. Ukoko unazuia joto lisipite, chuma kinazidi kupata moto, mirija inaanza kuvuja kwenye maungio. Ndiyo maana utaona plagi za shaba kwenye pembe za chini za tanuri na ubavuni mwa boila: ni milango ya kuoshea. Kazi ilikwenda hivi: acha boila ipoe taratibu, toa maji, fungua plagi zote, piga maji ya nguvu kutoka juu kwenda chini, kwangua ukoko kwa fimbo ndefu, chungulia kwa taa, funga, jaza, kisha washa moto kidogo kidogo. Aliyekuwa na haraka akaimwagia maji baridi boila yenye moto alipasua mirija na kujiongezea siku kadhaa za kazi. Juu ya dari ya tanuri huwekwa plagi yenye madini laini ya risasi ndani. Maji yakipungua mno, risasi inayeyuka na mvuke unamwagikia motoni kumwamsha aliyesinzia. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, namba ileile ya maili ya Nairobi, ingawa hakuna aliyepanga hivyo.

Magurudumu nayo yasomeke. Kila gurudumu limevishwa pete ya chuma kigumu. Pete hupashwa moto ikapanuka, gurudumu likatumbukizwa, na ikipoa inabana. Mkaguzi aliigonga kwa nyundo: mlio wa kengele maana yake iko salama, mlio mfu maana yake imelegea. Breki za mteremko mrefu huichemsha pete, na ndizo zilizokuwa zikiilegeza.

Usiondoke bila kuona 6006, Sir Harold MacMichael. Nayo ni Garratt, lakini nyepesi zaidi, ya njia zenye reli dhaifu. Ukiilinganisha na 5918 utaelewa uzito kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) haraka kuliko darasani. 3020, Nyaturu, yenye jina la watu wa Singida, ni injini ya kawaida yenye tenda (gari la kubebea maji na mafuta) nyuma, rahisi kwa mtoto kuielewa kabla hujamchanganya na Garratt.

Lawama ni moja: hali ya hewa. Injini zimesimama nje, na rangi nzuri haimaanishi chuma kizima. Kutu huanzia mahali maji yanapotuama, yaani chini ya matangi, kwenye sahani ya majivu, na chini ya bati linalofunika boila. Vikombe vya oili navyo, vikipakwa rangi juu ya utambi, haviwezi tena kumweleza mtu jinsi oili ilivyoshuka tone kwa tone. 5918 iliwahi kurudishwa kutembea kwa mvuke mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo si ndoto kwamba chuma hiki kinaweza kufufuka.

Beba tochi, vaa viatu vilivyofunika vidole, uliza kabla ya kupanda kibanda cha dereva. Mahali bati limefumuka, usichokonoe kilicho chini yake: boila za enzi hizo mara nyingi zilifungwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.