PLC ya pampu nyingi: S7-1200, CPU 1214C, kabla hujatoa pesa

Haya mafundi, karibuni. Hapa mezani nina Siemens S7-1200, CPU 1214C, ile ya kizazi cha kwanza sio G2, manake mafundi wa hoteli hapa Malindi mnaniuliza sana PLC gani, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo, itabeba pampu nyingi bila kujaa.

Usoni ina inputi 14 (ishara zinazoingia) na autputi 10 (amri zinazotoka), ukiangalia hivo utasema ndogo hii, lakini hesabu kazi kwanza. Pampu moja inataka inputi ya kukwambia inazunguka, ingine ya ovalodi (kinga ya mota) ikikata, ingine ya swichi ya oto, hizo tatu tayari, halafu autputi moja ya kontakta, ile swichi ya umeme inayowasha pampu. Pampu 12 ni inputi 36, weka floti 10 (swichi za boya) za matangi na visima unafika 46, na mwenye hoteli bado hajakumbuka jenereta.

1214C inapokea moduli 8 za kuongeza inputi na autputi ubavuni. Za kwake 14 na moduli mbili za 16 ndio 46 kamili, ila moja iwe SM 1223 yenye autputi pia, manake 10 hazitoshi kontakta 12. Mimi ningefunga na ya tatu ya akiba leo leo. Mdogo wake, 1212C, ni nafuu kweli, lakini inapokea moduli mbili tu, kwa kazi hii inajaa siku ya kwanza, usiichukue.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia: inputi mbili za analogi (zinazosoma kipimo, sio washa-zima tu) zilizo kwenye CPU zinasoma volti 0 hadi 10 peke yake, na sensa ya kina cha maji mara nyingi ni ya miliampia 4 hadi 20, kwa hiyo nunua na SM 1231, moduli ya analogi inayosoma miliampia. Na hiyo 4-20 ing'ang'anie jamani, tangi tupu linasoma 4, waya ukikatika inasoma sifuri, unajua ni waya sio maji.

Autputi chukua za rilei kama koili za kontakta ni za volti 230 AC, transista ni DC tu.

Kisima kikiwa mbali usivute waya 30 mchangani, weka ET 200SP (kituo cha inputi na autputi cha kukaa mbali na PLC) kule na kebo moja ya Profinet, mtandao unaoviunganisha, ya shaba isipite mita 100. Na paneli ikiwa inapigwa na upepo wa bahari, ulizia SIPLUS, toleo la Siemens la mazingira magumu, hiyo bodi zake zimepakwa kinga, chumvi haizili haraka.