Bia ya kununua Jinja: uliza kwanza ilikuwa imekaa wapi

Desemba nilinunua kreti nzima ya bia kwa ajili ya kaka yangu na mkewe waliokuwa wakija kutoka Mombasa. Dipo nililonunulia liko kando ya barabara hapa Jinja, Uganda, na makreti yalikuwa yamepangwa nje kama ukuta ili kila mpita njia aone kuwa mzigo upo. Chupa zilikuwa za kijani. Nililipa, kijana wa bodaboda akafunga kreti kwa mpira, tukaiweka kwenye friji tangu saa tisa mchana. Usiku wifi yangu alifungua chupa ya kwanza, akainusa, akaiweka mezani polepole.

"Wifi, humu kuna kicheche."

Nilifungua ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Zote zilinuka vilevile. Asubuhi nikarudi dipo. Mwenye duka akaniambia tarehe haijapita, kwa hiyo bia ni nzima. Tarehe kweli ilikuwa haijapita. Hela yangu haikurudi.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitazungumzia ubaridi, ukali wala muziki wa baa. Hayo kila mtu anajua anachopenda. Mimi naangalia kitu kimoja ambacho hapa kwetu karibu hakuna anayekiangalia: jua.

Bia ya chupa ina hopsi, yale maua makavu yanayoipa uchungu wake. Mwanga ukiupiga ule uchungu, unavunjika na kuungana na salfa iliyomo ndani ya bia, na kinachozaliwa hapo ni harufu ya jamii moja na anayoirusha kicheche akitishwa. Haihitaji wiki. Kwa chupa nyeupe au ya kijani, dakika chache za jua la mchana zinatosha, na jua letu la Ikweta halina mzaha. Friji haiponyi. Bia iliyopigwa na jua ukiigandisha unapata kicheche baridi. Chupa ya kahawia ndiyo inayozuia sehemu kubwa ya mwanga huo, na ndiyo sababu iliwekwa rangi ile, si urembo.

Joto lenyewe ni ugonjwa mwingine. Linaizeesha bia mpaka ionje kama boksi lililolowa. Kreti iliyoanikwa nje inapata magonjwa yote mawili kwa pamoja. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawa wenye madipo wamechukua kizuri wakakitembeza juani mpaka kikawa kibaya, kisha wanatuuzia kwa bei ileile.

Sasa nipange.

Ya kwanza kwangu ni malwa, pombe ya ulezi inayonywewa chunguni, na siiweki juu kwa sababu ya kuonea fahari mambo ya kwetu. Wageni wanaofika Jinja siku hizi huniuliza ni baa gani inayojitengenezea bia yake, kama zile wanazozisikia za Ulaya na Marekani. Mimi nawapeleka Walukuba. Mitaa ile ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ikajaa watu wa kila upande, Wateso, Wajaluo, Waluhya, Wasoga, na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Wateso walikuja na chungu chao. Mama anayepika malwa anaiuza palepale alipoipikia, na kutoka pipa lake mpaka mdomo wako ni hatua kumi. Hakuna lori, hakuna dipo, hakuna ukuta wa makreti.

Malwa ni ulezi. Unga unalowanishwa, unaachwa uchachuke kwa siku kadhaa, halafu unakaangwa kwenye bati juu ya moto mpaka ubadilike rangi na kunukia kama mkate ulioungua kidogo pembeni. Hapo jua lina kazi ya halali, maana unga uliokaangwa huanikwa ukauke. Baadaye unachanganywa na maji na kimea cha ulezi, unachachuka tena, na kinachopatikana ni uji mzito wenye nguvu. Uji huo unatiwa kwenye chungu, chungu kinawekwa katikati ya watu, unamiminwa maji ya moto, na kila mtu ananyonya kwa mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni. Hauna hopsi, kwa hiyo kicheche hana pa kuzaliwa.

Mambo mawili uyaangalie kabla hujakaa. La kwanza ni maji. Yawe yametoka kuchemka, birika litoe mvuke ukiwa unaona. Maji ya vuguvugu hayautoi utamu wa ulezi, na tumbo lako litajuta usiku. Nimeshaondoka kwenye chungu kwa sababu ya thamosi iliyopoa, na mama mwenyewe nilimweleza kwa heshima kwa nini naondoka. La pili ni mrija. Ukiwa wa kuazima, uingize kwenye maji ya moto na uuvute mara mbili tatu kabla ya kunywa. Afadhali ununue wako. Wazee wa Kiteso hutembea na mirija yao, na ukiingia na wako unapewa nafasi ya mtu anayejua anachofanya. Salimia duara zima kwanza, mkubwa kwa mdogo. Kwenye vikundi vingine kuna mwenyekiti na mweka hazina, na mchango unautoa kabla chungu hakijajazwa.

Kasoro yake: huwezi kuibeba nyumbani ikabaki ilivyo. Kesho yake imeshakuwa kali.

Ya pili ni Nile Special, na hapa nasema wazi kwamba napendelea. Kiwanda kiko Njeru, ng'ambo ya mto tu. Nile Breweries ilianzishwa mwaka 1951, ikapita mikono mingi, ikiwemo ya familia ya Madhvani, hadi AB InBev ya leo, kampuni kubwa ya bia ya kimataifa, na kwa mtu wa Jinja bia hii inavuka daraja moja tu kabla haijafika mezani. Daraja lile jipya la kebo lilifunguliwa 2018, na siku hizi mzigo hauchelewi. Chupa yake ni ya nusu lita, ya kahawia. Nguvu yake ni asilimia 5.6, kwa hiyo mbili zinatosha kwa mtu mwenye kazi asubuhi. Ina uchungu unaosimama, na haijanionyesha kicheche hata mara moja, hata pale nilipoinunua kwenye duka ambalo sikuliamini.

Lakini kahawia si ukuta wa mawe. Ukinunua kreti, omba iliyo ndani, nyuma kabisa, chini. Gusa glasi. Ikiwa moto kama sahani iliyotoka jikoni, acha. Soma tarehe. Chupa za rangi ya kijani nunua pale tu zilipokuwa ndani ya boksi la karatasi lililofungwa, na usikubali iliyokaa kwenye friji ya kioo inayotazama barabara ya magharibi, maana jua la saa kumi linaingia hadi rafu ya chini.

Ya tatu ni bia za mafundi wadogo kutoka Kampala. Jina ninalolijua vizuri ni Banange. Neno lenyewe ni la Kiganda, la mtu aliyeshtuka au aliyefurahi sana. Nafurahi kwamba kuna watu hapa Uganda wanaotengeneza bia kwa mitungi midogo na kujali ladha, na nikiwa Kampala ninakunywa bila kusita. Nikiwa Jinja ndipo ninaposita. Bia za namna hii mara nyingi hutiwa hopsi kwa wingi, na zile hopsi tunazozilipia ndizo zinazoharibiwa na mwanga. Tena nyingi hazipitishwi kwenye moto wa kuua chachu, kwa hiyo zinataka ubaridi njia nzima. Kutoka Kampala hadi hapa ni kilomita kama 80, kupitia Mukono, Lugazi na msitu wa Mabira, na foleni ya Mukono peke yake inaweza kumeza saa moja. Basi uliza: imekuja kwa gari la baridi au kwenye buti? Mhudumu asipojua, agiza kitu kingine. Ukienda Kampala mwenyewe, beba kiboksi cha barafu na ukifunike kwa shuka.

Ya nne, tonto. Ndizi za mbidde zilizoiva zinakamuliwa pamoja na nyasi, juisi inatiwa mtama uliokaangwa na kuachwa kwenye mtumbwi wa mti uliofunikwa kwa majani ya mgomba. Ukiinywa kijijini Busoga siku ya pili, ni tamu na ina moshi kwa mbali. Ile inayofika mjini kwenye jerikani ya njano juu ya baiskeli imeshachachuka njiani. Inunue kwa anayeileta asubuhi.

Za bei rahisi: Eagle Lager, ya mtama, ni bia safi kwa hela ndogo. Kwete, pombe ya mahindi, inategemea aliyepika.

Kuhusu bei nina la kusema. Chupa ninayoinunua Walukuba kwa shilingi elfu tano, kwenye hoteli moja ya kando ya mto niliuziwa elfu kumi na mbili, na ilikuwa imetolewa kwenye kreti lililokuwa kwenye nyasi, juani, mita chache tu kutoka meza yangu. Sikatai hoteli kupata faida. Wana askari, wana bustani, wana kodi. Ila anayelipa zaidi ya mara mbili anastahili angalau kivuli cha mwembe juu ya kreti.

Na chupa tupu. Unaacha hela ya amana unaponunua, halafu ukirudisha unaambiwa aliyeipokea hayupo leo, njoo kesho. Siku hizi nadai karatasi yenye idadi ya chupa na sahihi kabla kreti halijapanda bodaboda. Dipo lisiloandika, sinunui. La yule wa Desemba bado lina amana yangu, na makreti yake bado yako nje.