Ofisi ya Ushauri wa MBA kwa Macho ya Mhandisi: Tathmini ya Mteja wa Dar es Salaam

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na kwa miezi saba nilikuwa mteja wa ofisi ndogo ya ushauri iliyoko Mikocheni, inayowaandaa watu waliokwisha kuingia kazini kuomba nafasi ya kusomea MBA, yaani shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, katika shule za biashara. Sitaitaja jina, kwa kuwa nina malalamiko mawili juu yake na sioni haki malalamiko ya mteja mmoja yawe hukumu ya biashara nzima. Hata hivyo, mhandisi anayefikiria huduma ya aina hii atapata hapa kipimo cha kuipimia ofisi yoyote atakayoiendea.

Nilifika kwao mara ya kwanza nikiwa na miaka miwili tu kazini, nikitaka kuomba nafasi mwaka huohuo. Mshauri mkuu, mama wa makamo aliyefanya kazi benki kwa miaka mingi, hakuniuliza alama zangu za chuo. Aliniuliza ni uamuzi gani niliwahi kuufanya mwenyewe kazini, ambao nisingeufanya, kazi ingekwenda vingine. Nikamtajia kilomita za barabara na mita za ujazo za zege. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hizo ni kazi za mkandarasi, mwanangu. Wewe ulifanya nini?" Sikuwa na jibu. Alinirudisha bila kunitoza hata shilingi moja, akaniagiza nikamalize kwanza miaka mitatu ya SEAP, ule mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ambamo mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi mtaalamu, nipate usajili wangu, halafu nirudi. Ofisi inayokataa fedha ya mteja ambaye hajawa tayari inastahili kuaminiwa, na kwa hilo peke yake naiheshimu hadi leo.

Niliporudi nikiwa na miaka minne kazini, na usajili mkononi, aliniomba nilete daftari la kumbukumbu za kazi nililokuwa nikilijaza wakati wa mpango ule. Hapa ndipo huduma yao ilipokuwa na thamani kubwa kuliko mahali pengine popote. Tulilisoma ukurasa kwa ukurasa kwa jioni mbili, tukitafuta siku ambazo mimi, na si bosi wangu, ndiye niliyeamua. Tukaipata siku moja ya ujenzi wa kalavati, ambapo zege lililoletwa lilikuwa na maji kupita kiasi kilichoruhusiwa, na fomeni, mzee aliyenizidi kwa miaka zaidi ya ishirini, akataka limwagwe hivyohivyo kwa sababu vibarua walikuwa wakisubiri. Katika daftari nilikuwa nimeandika mistari miwili tu: kazi imesimamishwa, zege limerudishwa. Mama yule alinitaka nieleze nilivyomkalisha mzee pembeni, bila kumwaibisha mbele ya vijana wake, tukapiga pamoja hesabu ya gharama ya kusimama siku moja na gharama ya kuja kubomoa baadaye. Insha yangu kuu ilitoka humo. Wahandisi tumefundishwa kuandika ripoti ambamo kazi hujitenda yenyewe, wakati shule za biashara zinataka kumwona mtu aliyeifanya na namna alivyowashawishi wenzake.

Masomo ya GMAT, mtihani wa kujipima unaotumiwa kuombea nafasi katika shule za biashara, yalikuwa ya wastani. Toleo la sasa lina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, yaani hesabu, lugha na uchambuzi wa takwimu, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Saa nyingi zilitumika kwenye hesabu ambazo mhandisi yeyote anazimudu, ilhali kilichonitesa ni kusoma hoja ndefu za Kiingereza kwa haraka. Ratiba nayo ilipangwa kwa kumfikiria mtu wa benki. Dirisha la kwanza la maombi katika shule kubwa za Marekani hufungwa Septemba, hivyo insha huandikwa Julai na Agosti, na hicho ndicho kiangazi, wakati saiti haina hata Jumapili. Nilipendekeza mtihani niufanye wakati wa masika, mvua inaposimamisha kazi za udongo, nao walikubali mara moja; alama hizo hudumu miaka mitano, kwa hiyo hakuna hasara ya kuutangulia.

Lalamiko langu la kwanza ni zito. Msaidizi mmoja alinipa kielelezo cha barua ya mapendekezo, akaniambia niiandike mwenyewe na mkuu wangu aipitishe kama yake. Shule hizi humtaka anayekupendekeza aiandike na kuiwasilisha yeye mwenyewe, na mhandisi aliyeapa kulinda uadilifu wa taaluma hawezi kuianza safari kwa uongo. Nilikataa. Badala yake nilimwendea mhandisi aliyenisimamia, nikakaa naye saa nzima kumkumbusha kazi tulizofanya, na barua akaiandika kwa maneno yake. La pili ni kwamba orodha yao ya shule ilianzia Marekani ikaishia Ulaya. Hakuna aliyenitajia MBA ya jioni ya Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mtu husoma huku mshahara ukiendelea kuingia, wala hakuna aliyenieleza tofauti ya kuacha kazi kwa miezi 10 ya INSEAD, shule ya biashara iliyoko Ufaransa, na kuiacha kwa miaka miwili ya Harvard. Kwa anayewasomesha wadogo zake, hesabu hiyo hutangulia insha.

Niliomba shule tatu, moja ikanikubali. Nililipa shilingi milioni moja na laki nne kwa huduma yote, na nikirudi leo nitalipia vikao vya mama yule peke yake, ambavyo ofisi huviuza kimoja kimoja kwa anayeuliza, ingawa bango lao halisemi hivyo.