Kozi ya toba: sikilizeni kwanza somo la ulimi

Nimemaliza masomo yote ya sauti ya kozi hii, na lile la maneno yanayoumiza ndilo ninalolipendekeza kwanza. Ustadhi anaanza na masharti ya toba kwa mujibu wa mwanachuoni Imam Nawawi (aliyefariki 1277): kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutoirudia, na ikigusa haki ya mja, sharti la nne ni kumrudishia haki yake. Lakini heshima ya mtu hurudishwaje? Hapo ndipo penye utamu. Kama aliyesemwa amesikia, umwendee umtake radhi, bila kuongeza "nilikuwa nakunasihi tu". Kama hakusikia, ustadhi anaifafanua rai ya mwanachuoni Ibn Taymiyya: usimpelekee habari ikamchoma, mwombee dua, na umtaje kwa wema palepale ulipomkashifu. Hilo la "palepale" lilinifanya nisimamishe sauti nikae kimya.

Kasoro yake ni kwamba tofauti ya nasaha na kuvunjiana heshima imepewa dakika chache mno, ilhali wengi tunajificha humo. Ila hadithi ya Mtume kuhusu muflisi (aliyefilisika), anayekuja Kiyama na swala na saumu kisha mema yake yakagawiwa aliowatukana, ameisoma polepole, bila kupaza sauti. Irudieni.