Pesa za matajiri wa programu za kompyuta kwenye nishati safi: njia ya Gates au ya Cannon-Brookes?

Bill Gates wa Microsoft anagharimia teknolojia mpya. Mradi wa umeme wa nyuklia wa TerraPower, kampuni aliyoshiriki kuianzisha, huko Kemmerer, jimbo la Wyoming, Marekani, ulianza kujengwa 2024. Hapo mtaji ni mkubwa na faida iko mbali. Mike Cannon-Brookes wa Atlassian, kampuni ya programu za kompyuta, aliingia mlango mwingine: 2022 alinunua takriban asilimia 11 ya AGL, kampuni ya umeme ya Australia inayotegemea makaa ya mawe, akapinga mpango wa kuigawanya mpaka ukafutwa. Mwaka huohuo AGL ikatangaza kuifunga Loy Yang A, kituo chake cha umeme wa makaa ya mawe, kufikia 2035 badala ya 2045. Kwa kasi, huyu anaongoza, ingawa ukinunua hisa hizo umenunua na moshi wake. Kwa uvumbuzi, Gates. Mwenye subira ya miongo afuate ya kwanza. Anayeweza kubishana na wakurugenzi, ya pili.