Huduma ya Ushauri kwa Vijana Wanaoacha Sigara, Lamu Mjini

Mpwa wangu wa miaka 16, ambaye aliacha shule baada ya kufiwa na baba yake na akaanza kuvuta sigara na wenzake karibu na gati, nilimpeleka kwenye huduma hii inayotolewa bila malipo katika zahanati moja ya hapa mjini. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba mshauri hakumtisha kwa habari za saratani, bali alimwomba aandike kila sigara anayovuta, saa ngapi na akiwa na nani, hata kijana mwenyewe akagundua kuwa karibu zote huzivuta jioni, na kundi lile lile. Basi akachagua siku ya kuacha, na jioni zake akazihamishia kwenye mpira. Alielezwa mapema kwamba hasira na kukosa utulivu huwa kali siku chache za kwanza, kisha hupungua kwa majuma. Hilo lilimsaidia kuliko nasaha zangu zote. Kasoro ni kwamba huduma hufungwa alasiri, ilhali hamu humshika usiku. Madukani nako bado anauziwa, ingawa sheria ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Ameteleza mara mbili. Mshauri alimpokea bila kumkaripia, naye anaendelea kuhudhuria.