GIMP kwa vibanda vya picha vya Mombasa

Kwa kibanda cha picha za pasipoti pale Digo Road, GIMP, programu ya kuhariri picha, inatosha kabisa, tena ni ya bure. Shida iko kwenye kuhifadhi. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, Ctrl+S huhifadhi faili la XCF tu, yaani aina ya faili ya GIMP yenyewe. Ukiandika jina lenye .jpg, inakataa. Mteja akitaka JPEG, bonyeza Ctrl+Shift+E, andika jina liishie na .jpg, kisha thibitisha. Sababu ipo: XCF hutunza leya (tabaka za picha) zote, JPEG huziunganisha kuwa moja. Lakini aliyezoea programu nyingine, vidole vyake vinakwenda Ctrl+S vyenyewe, na foleni inazidi kurefuka. Katika 2.10, vifaa vilivyorundikwa chini ya aikoni moja navyo vinachosha. Afadhali kuzima mpangilio huo.